Mafuta ya Nazi Ndani ya Giaboksi

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya giaboksi mpaka kiwiko, mashua ikagonga mwamba wa Kinasi. Injini inanguruma sikioni mwangu, rafadha kule nyuma haizunguki, na maji ya kupwa yanatutoa Ghuba ya Chole kama takataka. Juu yangu Hamadi, nahodha, kashika usukani.

"Fundi, bado?"

"Bado, kaka."

Pigo la pili lilimrusha majini. Papo hapo gia ikaachia, ikanichukua vidole. Hamadi tulimpata kesho yake, maiti, upande wa kisiwa cha Juani.

Mlioshika spana leo mna haki ya kujua tulifikaje pale.

Mimi niliishia darasa la nne. Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu, mtu wa Tanga aliyefundwa kazi bandarini, alinishusha chini ya sitaha ya mashua ile. Ilikuwa kongwe, mashua ya matanga ya kujistarehesha, mali ya mlowezi wa minazi aliyeondoka baada ya Azimio la Arusha. Kijiji chetu cha ujamaa kiliirithi, tukaiita Juhudi. Fundi Mkuu akagonga chuma kwa spana.

"Hii injini, inazunguka muda wote. Kule nyuma rafadha, ndiyo inayosukuma maji. Hii katikati giaboksi. Umeoa?"

"Nimeoa."

"Basi huyu ni mshenga. Akinuna, hakuna ndoa."

Alinifundisha kuifungua, kusafisha sahani za klachi zinazoshikana na kuachana, kupaka mafuta kwenye uma unaozisogeza. Miaka ile nilikuwa mtu mwenye wenzake. Kisha akahamishwa, nikabaki mimi na Hamadi.

Meneja wa kijiji alikuwa Idrisa Makwega. Namtaja kwa jina. Kwanza aliteremsha matanga akafunikia mbata, nazi zetu zilizokaushwa, ghalani. "Tuna injini, matanga ya nini?" Mafuta ya gia yalipokwisha, nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo Meneja. Mafuta ya giaboksi yamekwisha."

"Marahaba. Kisiwa kizima kinanuka nazi, wewe unataka tukapige magoti kwa mabeberu? Tia mafuta ya nazi. Ndiyo kujitegemea huko."

Mafuta ya nazi kila mtu wa Mafia anayajua. Wakati wa joto ni maji. Kipupwe kikiingia, asubuhi unayakuta chupani yameganda, meupe kama samli, na mwanamke lazima aisogeze chupa motoni kabla hajapaka nywele. Na ndani ya giaboksi ilikuwa vivyo hivyo. Mkono wa gia ukawa haung'oki. Isitoshe, yale ya zamani yaligeuka ulimbo juu ya chuma.

Tukabuni njia yetu. Kila asubuhi ya kipupwe Hamadi aliwasha jiko la makaa, tukaliweka chini ya giaboksi, tukakaa tunanywa kahawa mpaka mshenga alainike. Jiko lile ndilo lililotuvusha salama msimu mzima.

Asubuhi ile mgeni wa Meneja kutoka Dar es Salaam alikuwa akisubiri Juani. Makwega alisimama ufukweni Utende pamoja na Mwenyekiti wetu, Bakari Tindwa.

"Meneja, jiko halijashika," Hamadi akasema.

"Hamadi, wewe unaendesha mashua au unapika uji? Ondokeni. Itapata moto njiani."

Watu wakacheka. Hamadi naye akacheka. Tukaisukuma kwa pondo, gia ikiwa imeganda katikati, haiendi mbele wala nyuma. Tulipofika kilindini pondo halikugusa chini. Mkondo ukatushika. Tanga la kutuokoa lilikuwa ghalani juu ya mbata. Nanga ikaburura mchanga. Nikafungua kifuniko, nikatia mkono.

Kikao cha kijiji kilipokaa, Tindwa alisimama akasema mashua imepotea kwa uzembe wa nahodha na fundi, hawakuipasha giaboksi moto. Uzembe. Siku zile ukishaitwa mzembe, umekwisha. Makwega alikuwa kiti cha pili, anatazama kofia yake iliyokuwa magotini.

Kazi yangu ikaishia hapo, kabla ya mvi. Mke wangu alirudi kwao Kilwa. Naishi Miburani, hapa hapa Mafia, najipikia kwa mkono wa kushoto. Wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ufukweni kwa msimu, wakija na injini mbovu wananiamkia vizuri, wanauliza habari za afya, kisha injini wanampelekea mtu mwingine. Siku nyingine inafika magharibi sauti pekee niliyosikia ni ya muadhini.

Mama yake Hamadi yuko hai, kisiwani Chole. Nikimwamkia ananijibu marahaba akiwa ametazama ukili anaosuka. Anaamini mwanawe alikufa kwa uvivu, wake na wangu.

Idrisa Makwega, umestaafu, uko Kilindoni na wajukuu zako. Ng'ambo si mbali. Vuka uende Chole, ukae kwenye mkeka wa yule mama, umwambie kwa mdomo wako nani alisema tuondoke kabla jiko halijashika. Na Bakari Tindwa afuatane nawe, maana alikuwa amesimama pale na alisikia. Mimi vidole sividai. Nataka mmjibu yeye.