Nusu ya Muwa

Nikisikia harufu ya juisi ya miwa stendi ya Mikumi, namkumbuka babu yetu wa Kilosa, mwalimu wa madrasa. Alinipa muwa nigawane na mdogo wangu kwa insafu.

“Insafu ndo nini, babu?”

“Haki. Neno la Kiarabu, ndugu wa neno ‘nusu’.”

Nikaona dini imerahisisha maisha. Nikaukata katikati, nikachukua upande wa chini, wenye sukari. Mdogo wangu nikampa wa juu. Akatafuna, akalia, “Changu maji tu!”

“Kwani hiyo si nusu, we mlialia?”

Babu alichukua panga, akavipasua vipande vyote viwili kwa urefu, akatugawia upya, kila mmoja cha juu na cha chini.

Nilianza na cha juu. Mtoto hakudanganya.