Miksi Ndani ya Eda

Mume wangu alipokufa sikulia. Wanawake waliokuja matangani waliyatazama macho yangu makavu. Si kwamba sikumpenda. Miaka arubaini na ushei tumekaa nyumba moja hapa Mji wa Kale. Ni kwamba ndani hamkuwa na kitu. Chai nilikunywa bila kujua kama ina sukari ama haina.

Nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, hujifukizi udi, na ngoma ndiyo usiitaje kabisa. Mie si msomi, nilisoma chuo cha Kurani juzuu chache na shule darasa mbili, lakini haya nayajua tangu utoto.

Sasa, nyumba zetu zimeshikana ukuta. Upande wa pili amepanga msichana wa bara, fundi wa cherehani, hushona sare za shule. Kila saa nne asubuhi hufungua spika lake. Miksi, ndivyo aitavyo, za matamasha ya ng'ambo. Maneno hamna, ni mashine tupu, saa nzima bila kukatika. Ngoma hupanda, huharakisha, hupanda tena, mpaka wasema sasa itapasuka. Halafu kimya kidogo. Halafu yaanguka yote kwa pamoja na watu maelfu wapiga ukelele. Chakacha zetu, na mie nilikuwa mchezaji, usinione hivi, zilikushika kiunoni. Hii ilipita ukutani ikanigonga kifuani, palipokufa ganzi. Furaha haikuwa. Ni kugongwa tu. Nikawa naingojea saa nne.

Siku moja yule msichana akaja kunipa pole, kajifunga leso kichwani.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa nimeenda kwetu, niliporudi sikujua kuna msiba. Nimezima, sifungui tena mpaka umalize eda."

Binti yangu akamshukuru sana. Na mie, mbele ya wageni, ningesema nini? Nikasema ahsante.

Siku tatu kimya. Ya nne nikamwambia binti yangu, "Nenda kamwambie fundi afungue."

"Afungue nini?"

"Miksi zake."

"Mama! Baba hata arubaini hajatimiza. Wataka tusemwe mpaka Tononoka?"

"Tononoka hawanijui."

"Watakujua!"

"Mwanangu, mie sisikii kitu. Chakula, hizi pole za watu, hata khitma ya babako, vyote vyanipita. Kile pekee ndicho chanigusa."

Akanitazama sana. "Basi lia, mama. Lia kama watu."

"Siwezi."

Akajitupia buibui akatoka, mlango ukagonga nyuma yake. Alikokwenda hakusema, nami sikuuliza.

Kesho yake saa nne spika likaanza. Binti yangu akaingia chumbani. Akafunga dirisha la barabarani, akashusha na pazia, akarudi jikoni kwake.