Shamba la Chai Juu ya Mlango Mkuukuu

Harufu ya rangi ya geti iliyozimuliwa kwa mafuta taa hunirudisha kijijini kwetu Kibugu hata nikiwa katikati ya mji wa Meru, nimesimama nje ya duka la vifaa vya ujenzi na fungu langu la sukuma wiki mkononi. Nikiisikia tu, basi. Naganda pale kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda, na wenye tuktuk wananipigia honi nisogee. Kwa wengine ni harufu ya kuumiza kichwa. Kwangu ni harufu ya ile miezi ambayo mama yangu alilazwa hospitalini, halafu akarudi, na mimi na kaka yangu Njeru tukamtengenezea shamba lake la chai juu ya mlango mkuukuu nyuma ya jikoni. Nilikuwa na miaka tisa, Njeru kumi na mitatu, na haki ya Mungu sijawahi kufanya kazi muhimu kuliko ile, ingawa siku hizi nina meza yangu na muhuri wa ofisi.

Hospitali ilikuwa upande wa Meru, mbali na kwetu, na watoto hatukuruhusiwa wodini. Baba ndiye aliyekuwa akienda kumwona mama kila wiki. Safari moja, akirudi, alishuka Runyenjes siku ya soko akatununulia kwa muuza mitumba mfuko wa askari wa plastiki, wadogo kama kifundo cha kidole, wa kijivu watupu. Wengine walikuwa wamepiga goti, wengine wamelala kifudifudi wakilenga bunduki, wengine wameinua mkono kurusha kitu. Nadhani alitaka tunyamaze kidogo, maana tulikuwa tukimuuliza habari za mama asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza tulipigana vita tu. Wiki ya pili Baba akaja na neno kutoka kwa mama: kwamba atarudi nyumbani, lakini hataweza kuteremka shambani tena, miguu haina nguvu, na kinachomuuma zaidi ni kutoiona chai yake. Mama alikuwa mtu wa chai kwelikweli. Akikuta kichaka kimechumwa ovyo alinuna siku nzima kana kwamba ametukanwa yeye. Njeru alilisikia neno lile, akawakusanya askari wote ndani ya karai. "Vita vimeisha," akasema. "Hawa tunawapeleka kuchuma chai."

Wachumaji wa kwetu hubeba fimbo ndefu iliyonyooka. Huilaza juu ya vichaka ili wajue mahali pa kuchuma, chai ibaki imesawazika kama meza. Sasa Njeru akazitazama zile bunduki, akachukua wembe, akazichonga moja moja mpaka kila bunduki ikawa fimbo. Waliopiga goti wakawa waumini kanisani. Waliokuwa wakirusha mabomu wakawa wapakiaji wa magunia kwenye lori la kiwanda. Waliolala kifudifudi walitusumbua sana, mwishowe tukawafanya walevi, na nyanya yetu, tuliyemwita Cucu, ambaye ndiye aliyetulea siku zile, alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu namjua!" akasema akimnyooshea kidole mmoja. "Hata shati ni lake!" Brashi tulitengeneza kwa nywele za mkia wa mbuzi zilizochomekwa kwenye ganda la biro. Rangi zilikuwa tatu tu: kijani iliyobaki kwenye geti, nyekundu ya mabati ya kanisa, na nyeupe ambayo Baba hakuwahi kujua ilikokwenda. Vikapu vya mgongoni vilikuwa vikombe vya mbegu za mkaratusi. Njeru alipaka akiwa ameuma ulimi, na mimi nilimshikia askari kwa kibanio cha nguo, na nikipumua kwa nguvu nilipigwa kiwiko.

Mlima wenyewe ulikuwa mifuko ya saruji iliyolowekwa katika uji wa ngano, ikakunjwa ikawa miteremko, ikakauka juani juu ya ule mlango tuliouegemeza kwenye mawe manne. Mto ulikuwa karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Mikima, ile miti mirefu ya mpakani, ilikuwa vijiti vyenye vipande vya sponji. Lakini chai, jamani, chai ilikuwa hai. Ilikuwa yale majani mafupi laini yanayoota juu ya mawe ya mtoni, tuliyoyaita sufu ya mawe. Tuliyabandua kwa kijiko, tukayakata vipande vya mraba, tukayapanga mistari kwa mistari hadi ukingo wa msitu, na njia za wachumaji katikati, vilevile lilivyokuwa shamba la mama, hata ile kona mbaya penye jabali. Njeru akaniambia, "Wawira, wewe ndiye mwenye shamba. Ikikauka ni wewe." Nikavimba kichwa. Kila asubuhi kabla ya shule nilinyunyiza maji kwa chupa niliyotoboa kifuniko kwa msumari. Nilifukuza kuku. Niliwapiga vita siafu waliokuja kula uji chini ya mlima. Niliokota majani yaliyodondoka kutoka juu ya paa. Sikuwahi kukosa hata siku moja.

Kisha Baba akasema mama anarudi Jumapili. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Ijumaa jioni niliitazama sufu ya mawe nikaona kama imepauka kidogo upande wa kona ya jabali. Na mimi mtoto wa chai nilijua dawa ya chai iliyopauka: kila mtu mzima niliyemjua, chai ikigeuka manjano, husema jambo moja tu, iwekwe mbolea. Gunia lilikuwa ghalani. Nikachota konzi nzima ya zile punje, nikazimwaga kwa uangalifu kabisa kwenye kila mstari, kama nilivyomwona mama akifanya, tena nikanyunyizia maji ziyeyuke vizuri. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza deni la moyo. Jumamosi mchana kingo zilikuwa na rangi ya chai yenyewe, namaanisha ya kikombeni. Jumapili asubuhi shamba zima lilikuwa kahawia, limesinyaa, linakwaruza ukiligusa. Njeru alitoka jikoni na kikombe cha uji, akaona. Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Aliweka kikombe chini, akaenda zake nyuma ya zizi, na mimi nikabaki nimeshika chupa yangu ya maji nikilia kwa sauti mpaka Cucu akadhani nimeumwa na nyoka. Hakukuwa na muda wa kwenda mtoni. Gari lilikuwa limekwisha kuingia uani.

Mama alikuwa amepungua hata gauni lake la kanisani likawa linamvaa yeye. Baba alimbeba, na kabla hajaingizwa ndani alisema anataka kuona hicho alichoambiwa kipo nyuma ya jikoni. Tukamwekea kiti. Nilijificha nyuma ya Cucu. Mama aliinama, akamwangalia mchumaji mmoja baada ya mwingine, akawacheka walevi, akaligusa jabali kwa ncha ya kidole. Kisha akaitazama ile kahawia, mstari baada ya mstari. "Ala," akasema mwishowe, "kumbe mmepogoa chai yangu! Nani amepogoa vizuri hivi?" Mkulima wa chai anajua: kila baada ya miaka michache vichaka hukatwa mpaka vikabaki vijiti vya kahawia, vikae hivyo miezi, ndipo vichipue upya. Njeru, aliyekuwa hajanisemesha tangu asubuhi, akanivuta mkono akanitoa mafichoni. "Ni Wawira," akasema. Mama akanipa mkono kama wanavyopeana watu wazima. "Ikianza kuchipua mniite," akasema.

Sasa tulikuwa tumenaswa. Sufu ile ilikuwa imekufa, haingechipua mpaka Yesu arudi. Kesho yake Njeru alinipeleka mtoni tukarudi na kipande kidogo kama ukucha, akakipachika katikati ya kahawia, mstari wa juu. Nikakimbia kumwita mama. Akaletwa, akakiona, akapiga makofi. Tukaendelea hivyo: leo vipande viwili, keshokutwa vitatu, tusizidishe asije akashuku. Mama aliletwa kila jua likitoka. Siku nyingine aliomba brashi, akamalizia kupaka leso ya mchumaji fulani, rangi ikimwagikia begani, akisema, "Huyu ni mimi, msimguse." Alijua? Nimejiuliza miaka yote hii. Mtu aliyeweza kutambua kichaka kimoja kilichochumwa vibaya kati ya mamia, angedanganywa na watoto wawili na kijiko? Nadhani alijua kila kipande. Nadhani alikuwa akiwapa watoto wake kazi ya kufanya, waamke na jambo. Shamba lilikuwa limefika nusu, kijani juu, kahawia chini, alipofariki. Wiki ya mazishi hakuna aliyemwagilia. Mvua na kuku walifanya mengine.

Leo naishi Meru, na Jumamosi nacheza vita vya mezani, mchezo wa askari wadogo wa kupakwa rangi, na vijana wawili wa ofisini kwetu. Wao wanapenda vita, mimi napenda kupaka. Askari wangu wanakuja kwa posta, brashi zangu ni za manyoya halisi, na majani ya mandhari yangu ni ya plastiki, hayahitaji maji wala mtu wa kuyaamkia. Vijana wale husifu mkono wangu. Naweza kupaka kifungo cha koti, naweza kupaka jicho dogo kuliko punje ya ulezi, na nyusi juu yake. Mwaka huu nilichukua mwanamke mmoja wa plastiki asiye na rangi nikaamua nimpake awe mama. Gauni nikamaliza. Mikono nikamaliza. Nilipofika usoni sikujua la kufanya. Picha yake tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, amekunja uso kama anayegombana na mpiga picha, na hakuwa hivyo, au sikumbuki kama alikuwa hivyo. Nikampigia Njeru simu, nikamuuliza macho ya mama yalikuwaje. Nilisikia watoto wake wakicheza nyuma. "Wawira," akasema, "mimi nilidhani wewe ndiye unayekumbuka."