Siku Tulipomwosha Pamba

Nilipokuwa mtoto huko Cheyo, pembezoni mwa mji wa Tabora, wenzangu walikatazwa kucheza nami kwa sababu ya mikono ya bibi yangu. Bibi alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa mtaani, aliitwa yeye; akimaliza, alishukuriwa mlangoni, wala hakukaribishwa kula. Mama yake aliletwa na misafara kutoka Manyema, akaachwa mgonjwa kando ya njia ile ile iliyopita nyuma ya nyumba yetu. Kazi waliyoikimbia wenye ukoo ikawa riziki ya wasio na ukoo.

Kwa hiyo mimi sikuwa na rafiki. Nilikuwa na Pamba, mbuzi jike mweupe, aliyenifuata kisimani kama mtoto anavyomfuata mama yake.

Zama hizo za Mwingereza, yalifanyika maonyesho ya mifugo wakati wa kiangazi, na mwaka ule watoto wa shule nao waliruhusiwa kupeleka wanyama wao: kuku, njiwa, sungura, mbuzi. Mwalimu alitufundisha matayarisho kwa kuimba, nasi tukaitikia mpaka madirisha yakatetemeka:

*Osha, kausha, chana,*
*kwato paka mafuta,*
*kamba shika kwa mkono,*
*atembee bila kuvuta.*

Nikarudi nyumbani nikiimba. Bibi alikuwa ameketi uani akichambua kisamvu.

"Hebu rudia pale mwanzo," alisema.

"Osha."

"Mbuzi haoshwi."

"Mwalimu kasema, Bibi. Na ng'ombe mbona wanaogeshwa kwenye josho?"

"Josho ni dawa, tena ng'ombe hupita kwa miguu yake mwenyewe. Wewe unataka sabuni na mkono." Aliweka ungo chini. "Sikiliza, mjukuu wangu. Anayeogeshwa kwa mkono wa mwingine ni mtoto mchanga au maiti. Mnyama akioshwa hivyo, mauti hujiuliza: huyu ni yupi kati ya hao wawili? Na hilo likifanyika katika nyumba hii, watu hata kujiuliza hawatajiuliza: watasema ni maiti. Utatuondolea watu mlangoni."

Nilicheka kimoyomoyo. Watu gani? Mlango wetu haukuwa na watu.

Nikamfundisha Pamba kutembea na kamba. Nikamchana kwa brashi ya kufulia, nikamtoa kupe mmoja mmoja, nikampaka kwato mafuta ya karanga. Bibi aliyatazama yote hayo. Ilipobaki siku moja, alasiri, nikateka maji, nikajaza karai, nikachukua kipande cha sabuni ya mche. Bibi akaingia ndani, akarudisha mlango.

Pamba alilia kama mtu. Nilikuwa nimefika ubavuni, povu limemfunika nusu ya mwili, nilipoona macho juu ya ua wa mabua. Alikuwa Bi Zaituni, jirani yetu.

"Yarabi! Mnaosha nini humo?"

"Shikamoo, Bi Zaituni. Namwosha mbuzi wangu, wa maonyesho."

Shikamoo yangu haikujibiwa.

"Mjukuu wa mwosha maiti anaosha mbuzi! Na jina lenyewe eti Pamba! Sanda mmeshakata, au mnangoja ya kuazima?" Akageuka, akapaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Haya, njooni mwone! Wafu wa watu hawawatoshi, sasa wanafanya mazoezi!"

Huenda maneno yangeishia hapo. Lakini jioni ile ile, kabla jua halijazama, mjukuu wa Bi Zaituni, mtoto wa kunyonya, alishikwa na degedege. Tulisikia kilio, kisha miguu. Walikuja wengi, watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga uani kwetu, na mbele yao Kassimu, mwana wa Bi Zaituni, baba wa yule mtoto. Mkononi alikuwa na kisu.

Bibi alitoka, akasimama kati yao na Pamba, ambaye bado alikuwa na povu lililokauka upande mmoja.

"Shikamoo, Bibi," Kassimu alisema. Malezi yake hayakumruhusu kuacha.

"Marahaba, baba. Kisu cha nini?"

"Mbuzi achinjwe. Mmeyaita mauti, nayo yanapita kwetu. Akichinjwa huyu, yatatosheka."

"Mchinjeni!" mama mmoja alipiga kelele. "Na huyo mtoto achapwe!"

Nilimkumbatia Pamba shingoni. Nilimtazama Bibi nikajua nimekwisha, maana ni yeye aliyenionya. Imani waliyokuja nayo ilikuwa imani yake. Alikuwa na neno moja tu la kusema, *chinjeni*, na mtaa ungemsamehe.

"Kassimu," alisema taratibu, "mama wa mama yako nilimwosha mimi. Dada yako nilimwosha mimi, na hukupata nguvu ya kutazama. Haya, mchinje mbuzi wa mtoto huyu. Lakini ukishafuta kisu, katafute mwosha mwingine. Mimi mikono yangu itakuwa imechoka."

Kule kwao mtoto alikuwa bado akitetemeka, na Bibi alikuwa ametamka kuosha maiti. Bi Zaituni akatema mate kizingitini petu.

"Umemlaani mjukuu wangu."

"Nimemlinda wangu."

Kassimu akashusha kisu. Wakatoka mmoja mmoja, nyuma nyuma, kama watu wanaoogopa kumpa Bibi migongo.

Nilidhani Bibi atanipiga. Badala yake alikunja mikono ya gauni, akachuchumaa mbele ya karai.

"Kazi ya nusu ni aibu," alisema. "Tena umeanza vibaya. Anza kulia. Mwaga maji polepole, usimshtue. Mkono uwe mwepesi, yeye hawezi kukwambia panapouma."

Tukamwosha Pamba pamoja, kulia kisha kushoto, mpaka akawa mweupe pe.

Kesho yake nilikwenda uwanjani na mbuzi wangu, na wenzangu wakatupisha njia kama moto. Bwana Mifugo alipitisha vidole kinyume cha manyoya akitafuta kupe, asimpate, akamfunga Pamba utepe wa mshindi wa pili.

Yule mtoto alipona. Hakuna aliyesema kwamba amepona bila Pamba kuchinjwa. Mtaa ulikumbuka laana tu. Tangu siku ile walimtafuta mwosha kutoka mitaa ya mbali, hata maiti akicheleweshwa juani, na Bibi hakuitwa tena. Onyo lake lilitimia, na aliyelitimiza ni yeye mwenyewe, kwa kukusudia, kwa ajili ya mbuzi.

Mwaka jana niliposikia Bibi anaumwa nilitoka chuoni mbio, nikamkuta amekwisha kukata roho. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, Bi Zaituni akiwamo, wametimiza desturi. Lakini ilipotajwa kazi ya kuosha, mmoja mkono ulimuuma, mwingine alikuwa na mimba, mwingine akautazama ukuta. Sikuwasihi. Nilifunga mlango, nikaweka karai lile lile, nikakunja mikono ya gauni.

Nikaanza kulia. Nikamwaga maji polepole.