Madaraja Aliyovushwa Baba

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Jina langu niachieni, maana hapa Madungu tunajuana hata kwa kikohozi.

Baba yangu ni mshona kofia za mkono. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu ukarudi, mkono wa kulia ukabaki mzito. Daktari wa mazoezi akasema chochote cha kuvichezesha vidole kitamfaa, hata gemu la simu. Nikamtilia moja la kuendesha pikipiki juu ya madaraja ya mbao.

Nilijitia mashakani mwenyewe! Kila akianguka ananiita. "Mwanangu, njoo unitazamie, hapa pananishinda." Nakuna nazi, naiacha, naenda. Sijakaa, ananiita tena. Daraja lile lile, siku ya kumi! Nilichoka, nasema kweli.

Gemu lile lina msaada wake: mchezaji akishindwa, linamwendeshea lenyewe pale pagumu, kisha linamrudishia. Nikauwasha bila kumwambia.

Siku ile ile akavuka. "Alhamdulillahi, mkono ushapona!" Akalia. Nami, badala ya kusema, nikampongeza. Nyumba ilikuwa imetulia, na mimi nikaipenda raha yangu.

Miezi miwili akawa anagusagusa tu kioo, pikipiki inakwenda yenyewe. Mpira wa kufinya aliopewa na daktari akauweka kando. Kliniki akakataa kwenda, akasema mtu mzima hatibiwi uzima wake. Halafu akapokea kazi ya kofia ya bwana harusi, kijana wa jirani.

Alikaa nayo asubuhi nzima. Sindano inamponyoka, anaiokota, inamponyoka. Adhuhuri akaniita kwa sauti ndogo.

"Niambie kweli. Yale madaraja, nilikuwa nikivuka miye?"

Nikamwambia. Hakunigombeza, na bora angenigombeza! Kofia ikarudishwa kwa mwenyewe haijatiwa hata tundu moja la nakshi. Vidole sasa vimekakamaa kuliko mwanzo, na daktari anasema muda tulioupoteza ndio uliokuwa muda wenyewe wa kupona. Gemu hataki hata kulisikia.

Ninyi mnaouguza, uvivu wenu msiuite huruma kama nilivyouita mimi. Mwacheni mgonjwa aanguke mara mia, na kila akiita, itikieni. Mimi siitwi tena. Jana nilimwona anahangaika na kijiko, nikakaa karibu nimlishe. Akanisukumia sahani yote.

"Kula weye," akasema, "nishibe miye."