Siku Ng'ombe wa Mahari Walipoukataa Uwanja Wangu

Nakumbuka siku moja ambayo ng'ombe walinifundisha kupamba uwanja. Usicheke, Mwanangu, au cheka tu, maana hata mimi hucheka kila ninapoikumbuka. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza sikusikia, ulimwengu ukaona uvivu kuja wenyewe, ukatuma ng'ombe. Tena ng'ombe wa mahari yangu mwenyewe.

Nimeikumbuka jana, uliponiletea simu yako unionyeshe unavyotaka kuupamba uwanja wa nyumba yako mpya hapa Makoko. Nikaona nyasi za plastiki, maua ya plastiki, mawe yamepakwa rangi nyeupe, na ukaniambia lile jabali la kando ya mlango utamwita fundi alipasue. Nilinyamaza. Unanijua, mimi kunyamaza ni dalili ya homa, lakini hadithi yenyewe ni ndefu na chai ilikuwa inapoa. Leo kaa hapa nikusimulie.

Wakati huo nilikuwa msichana, nashona nguo katika duka la mama mmoja pale Iringo, mjini Musoma. Mbele ya duka palikuwa na nyumba yenye uwanja ulioniroga. Mawe meupe yalikuwa yamepangwa mistari miwili kutoka lango mpaka barazani, makopo ya maua yamepakwa rangi, na juu ya lango zilining'inia karatasi za kung'aa zilizokuwa zikicheza na upepo wa ziwani. Nilikuwa nakanyaga cherehani huku macho yangu yakiwa ng'ambo, na sindano ilinichoma vidole mpaka mwenye duka akachoka kuninunulia plasta. Nikajiapiza kwamba siku yangu ikifika, uwanja wa baba yangu kule Buswahili utakuwa kama ule.

Siku ikafika. Kijana mmoja wa Butiama, Yohana, ndiye huyu mzee wangu anayekoroma barazani sasa hivi, alinichumbia, wazee wakakubaliana, na ikapangwa Jumamosi ya kuleta ng'ombe. Kwetu, Mwanangu, ng'ombe wa mahari walikuwa hawaji kwa lori. Waliswagwa kwa miguu, wakafika, wakaingia langoni, wakakatiza uwanja mbele ya macho ya wazee wa pande zote mbili, ndipo wakaingizwa zizini. Wakishaingia zizini maneno yamekwisha, wewe ni mke wa mtu. Wasipoingia, wewe bado ni binti wa baba yako, hata kama sufuria za pilau zimeshaepuliwa.

Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda nyumbani na chokaa yangu na karatasi zangu za kung'aa. Uwanja wa mama ulikuwa mpana, umesiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, umezungukwa na ua wa minyaa. Langoni palikuwa na kichaka cha mshubiri ambacho hakuna aliyekipanda, na mawe makubwa ya kukalia yaliyokuwepo kabla ya babu kuzaliwa. Mimi niliona ushamba mtupu. Mshubiri nikaung'oa. Minyaa nikaifyeka ikawa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Nikaokota mawe, nikayapaka chokaa, nikayapanga mistari miwili kutoka langoni, na juu ya lango nikafunga kamba yenye karatasi zangu.

Mama alitoka jikoni akaangalia. "Mwanangu, haya mawe yanang'aaga hivi mpaka lini?"

"Mama, hii ndiyo fasheni ya mjini."

Akarudi jikoni. Nyuma yake akaja shangazi yangu Wakuru, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu wa kilima cha pili. Akaizunguka kazi yangu yote, akavuta ugoro, akaniuliza, "Umepamba kwa ajili ya nani?"

"Wageni, shangazi."

"Wageni gani?"

Nikadhani masikio yake yameanza kuchoka. Nikamjibu kwa sauti kubwa kidogo kwamba ni wakwe zangu, kutoka Butiama. Akapiga chafya, akaenda zake. Kuuliza si ujinga, Mwanangu. Ujinga ni kudhani aliyekuuliza hajui anachouliza.

Jumamosi ile mimi nilifungiwa ndani, kwa sababu binti hakutakiwa kuonekana na wakwe mpaka ng'ombe waingie. Nikawa nachungulia dirishani. Nikasikia miluzi, nikaona vumbi. Ng'ombe walikuwa wazuri jamani! Mbele alikuja jike mmoja mwekundu, mnene, anatembea kama mwenyekiti wa kikao. Alipofika langoni, akasimama.

Akainamisha kichwa, akayatazama mawe yangu, akakoroma puani. Upepo ukatikisa karatasi. Lo! Yule jike aligeuka na wenzake wote wakageuka naye, wakaingia shamba la mtama la jirani. Vijana waliowaswaga wakawakusanya, wakawarudisha, jike akafika palepale akasimama tena, akageuka tena. Wakajaribu kumvuta kwa kamba. Wakajaribu kumpiga fimbo. Mtama wa jirani ukaisha na jirani akaanza kuongea.

Mshenga wa kina Yohana, mzee mwenye kofia ya soksi, akavua kofia yake. "Wazee," akasema, "ng'ombe wameukataa mji huu."

Baba akajaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Mshenga akaendelea, "Kwetu ng'ombe wakikataa mji tunawarudishaga. Jua likizama wako nje, tutawaswaga kurudi Butiama, maneno yaanze upya mwakani. Si ugomvi. Ndiyo mila."

Mwakani! Nilikaa chini pale dirishani nikalia. Nilimpenda Yohana, nakwambia wazi, ingawa yeye akisikia leo atanisumbua wiki nzima. Nilijua pia jinsi watu wanavyosema. Msichana ambaye ng'ombe wake walirudi atatafutiwa sababu, na sababu watu hawakosagi. Na jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Ndipo nikamwona Shangazi Wakuru akipita katikati ya wazee bila kuomba njia. Akaenda mpaka kwa yule jike mwekundu, akasimama ubavuni kwake, akainama mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kichwa cha ng'ombe, akalitazama lango. Wazee wengine walidhani anasali. Akakaa hivyo kitambo, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mgongo wa ng'ombe asianguke.

"Veronika!" akaniita. "Aliyepamba aje apambue!"

"Wifi, binti hatokagi nje siku ya ng'ombe," mama akasema.

"Leo anatoka. Au mnataka azeekee humo ndani?"

Nikatoka, khanga kichwani, macho yamevimba, nikapita mbele ya wakwe zangu wote. Shangazi akanisogeza kando ya ng'ombe. "Inama," akasema. "Unaona nini?"

Nikainama. Mwanangu, sikuutambua uwanja wetu. Kutoka pale chini jua lilipiga chokaa likarudi machoni, karatasi zikawa zinaruka kama watu wenye fimbo, na mistari yangu miwili ya mawe ilionekana kama mdomo uliofunguka ukingoja mtu aingie. Nikaogopa mimi mwenyewe. Ningekuwa ng'ombe, ningekimbia nisisimame mpaka Bunda.

"Nilikuuliza wageni gani," shangazi akasema, sasa kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo. "Wakwe zako watakula, watacheza, watakwenda kwao. Wageni wanaokuja kukaa ni hawa. Uliwawaza hata kidogo?"

Nilisikia aibu, na katikati ya aibu nikasikia kicheko kinanipanda, kwa sababu kweli sikuwawaza. Nilipamba kwa ajili ya ule uwanja wa Iringo, nao wenyewe haukuwa umealikwa.

Shangazi akakata kamba ya karatasi. Mimi nikakimbilia zizini, nikazoa kinyesi kibichi kwa mikono yangu yote miwili, nikachanganya na udongo na maji, nikapiga magoti na lile gauni nililolishona mwezi mzima, nikaanza kuyasiriba mawe jiwe baada ya jiwe, chokaa isionekane tena. Mama akaleta majani makavu akayatawanya langoni. Wanawake wa upande wa Yohana walisimama kidogo wakitazamana, kisha mmoja akafunga khanga kiunoni akaja, na wengine wakamfuata. Tukasiriba huku tukiimba. Nilipoinua uso nikamwona baba yake Yohana, mzee ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, anamgusa mshenga kiwiko. "Vaa kofia yako," akamwambia. "Mkamwana huyu hachagui kazi. Mimi nisingemrudisha hata ng'ombe wangekataa."

Yule jike akanusa jiwe la kwanza, akanusa la pili, akapita. Wenzake wakamfuata mpaka wa mwisho. Fito za zizi zilipofungwa, vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakashtuka upya, lakini sasa walikuwa wamo ndani. Niliolewa nikinuka zizi, na sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Nilipofika Butiama kuanza maisha yangu, sikugusa uwanja wa mume wangu msimu mzima. Yohana akadhani nimevunjika moyo. Sivyo, nilikuwa nautazama. Niliona kwamba kati ya miamba ya kile kilima chetu mshubiri ulijiotea wenyewe, na kiangazi, wakati kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi, ulitoa maua mekundu na ndege wadogo waitwao chozi wakaja kunyonya. Basi nikauchukua huo nikaupanda kando ya mawe ya kukalia. Niliona kwamba mbuzi hulala upande fulani mchana, kumbe huko ndiko kwenye kivuli na upepo, nikahamishia huko viti vya wageni. Nilikwenda bonde la Mto Mara kwa kina mama wanaosuka mafunjo, nikaleta mikeka ya kutandika juu ya mawe. Vibuyu vilivyopasuka nikavitoboa nikavitundika, ndege wakapanga humo wenyewe bila kuniuliza. Watu wakaanza kusimama njiani. Wakaniuliza nimetoa wapi ufundi. Ningewaambia nini?

Tulipohamia hapa Makoko nilifanya vilevile. Ndiyo maana kwangu hakuna kitu cha kung'aa, na bado wewe ukitoka kazini hupitii kwako kwanza, unakuja kuegemea jabali langu.

Sasa nasaha yangu ni hii, Mwanangu. Nyumba njema si mlango, na uwanja mwema si picha. Kabla hujanunua chochote, toa kiti nje ukae. Kaa asubuhi, kaa jioni, uone jua linapita wapi na upepo wa ziwa unaingilia wapi. Halafu inama. Utazame uwanja kwa macho ya mtoto anayetambaa, ya bibi anayetafuta pa kushika, ya kuku, ya jirani aliyekuja na sahani ya sato na hajui kama anakaribishwa. Kilichoota chenyewe pale usikidharau, kimeshapatana na ardhi ile kabla yako, na hakitakudai maji wakati bomba limekauka. Jabali usilipasue, limekungoja miaka yote hiyo, litandikie mkeka ukae. Cha mjini chukua kama kinakufaa, sikukatazi, mimi mwenyewe taa zenu za jua nazipenda. Lakini mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa hapambi kwake, hupamba kwa bwana wake. Na kabla ya kuuliza "patapendeza?" jiulize swali la Shangazi Wakuru, unapamba kwa ajili ya wageni gani.

Nenda sasa, na ile namba ya fundi wa kupasua mawe uifute. Mungu aubariki uwanja wako. Aupe kivuli kisichochagua mtu, maua yasiyongoja kununuliwa, na vicheko vinavyosikika mpaka kwangu. Na kiumbe chochote kitakachofika langoni kwako kwa heri, kiwe na miguu miwili au minne, kisione sababu ya kugeuka.