Nguo Mpya ya Ndege Kongwe

Mume wangu alipostaafu serikalini, wenzake walimshauri anunue shamba la mitende, apate pa kukaa na kupiga soga. Yeye akanunua ndege. Mama yake alipopewa habari kwa simu aliuliza kama ni kasuku, ikabidi tumweleze kwamba hapana, ni ndege ya kupanda, yenye injini, ya watu wawili, na kongwe kumshinda huyo mwanawe mwenyewe.

“Kongwe?” akasema. “Kwani mpya zimekwisha madukani?”

Maskati nzima imeniuliza swali hilo na mimi nimechoka kulijibu. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alikuwa na ndege hiyo kwenye banda, katika uwanja mdogo wa ndege nje ya mji, mwendo mzuri wa gari kutoka mtaani kwetu Hail. Mume wangu alikwenda kuitazama tu, ndivyo alivyoniaga. Aliporudi uso unamng'ara kama bwana harusi, nikajua nimeshaletewa mke mwenza.

Na mke mwenza mwenyewe, nisiseme uongo, mzuri. Pua yake imeinuka kwa madaha, mabawa yake yako chini, unakanyaga moja pale penye ubao wa kukanyagia ndiyo uingie ndani. Mwili wake ni mabomba membamba ya chuma, mabawa yake ni mbavu za mbao nyepesi, na juu ya vyote hivyo kavishwa nguo. Kitambaa hasa, kilichokazwa na kupakwa rangi, ukikigonga kwa kidole kinalia kama dufu. Siku ya kwanza nilipokigonga nilishika kichwa. Yaani baba wa watoto wangu anaruka juu ya majabali ya Oman amevaa shuka!

Gharama zake? Kiasi cha fedha sikitaji, niliacha kuuliza mwaka ule wa kwanza, kwa afya yangu. Lakini kuna gharama nyingine. Kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakasirika, mume huna. Kanzu zake zote zina madoa ya oili. Kikivunjika kijiringi kidogo, kinaagizwa ng'ambo, kikifika forodhani kinakaa, kwa sababu hakuna anayejua ni cha mashine gani. Joto likija na ule unyevu wa pwani, kila chuma kinataka kutu, na yeye yuko bandani anapangusa kwa kitambaa laini, anasema nayo maneno mazuri ambayo mimi mara ya mwisho niliyasikia wakati wa fungate.

Nilinung'unika sana, wallahi. Lakini chai yake ya kwenda nayo niliitia hiliki mwenyewe, na sababu nilikuwa naijua.

Mtu huyu alipoacha kazi aliugua bila ugonjwa. Alikuwa akijenga barabara, akiamka na alfajiri, simu mbili mkononi. Ghafla simu zikanyamaza. Nikawa namkuta majlis, ukumbi wetu wa wageni, ameshika rimoti na televisheni imezimwa. Unamwuliza, “Unataka nini?” anakwambia, “Sitaki kitu.” Ndege ndiyo iliyomtoa pale. Akirudi Ijumaa anakula kama kijana, anatuhadithia habari za mabonde aliyoyaona, pomboo waliokuwa wakicheza karibu na pwani, na nyumba yetu jinsi ilivyo ndogo na tangi letu la maji lilivyo chafu. Mimi nilisikiliza tu. Kiti cha pili kilikuwepo, na kila wiki alinikaribisha, na kila wiki nilimwambia roho yangu bado naipenda.

Basi mwaka jana, joto lilipoanza, akaja mkaguzi. Ni fundi wa ndege mwenye leseni, Mkenya, anakaa Khuwair ya Kusini, mtu wa kanisa na mpole sana. Kila mwaka yeye ndiye anayeipima na kusema itaruka au haitaruka. Aliikagua injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua kifaa kidogo cha kubonyezea, akakibonyeza kwenye nguo ya bawa. Kikazama ndani kama kwenye karatasi iliyolowa.

“Mzee,” akamwambia mume wangu, “pole sana, lakini hii nguo imechoka. Mabawa yote mawili. Hii ndege haiendi popote mpaka ivishwe upya.”

Na mwenye banda, aliyetukodisha, naye alikuwa na watu wanaopangojea mahali pale. Akasema wazi: joto likivunjika na ndege bado haijaruka, itoke. Pa kuipeleka palikuwa hakuna. Maana yake ingefunguliwa na kuuzwa vipande vipande, kama gari lililopata ajali.

Mume wangu akasema ataivisha mwenyewe. Aliagiza kitambaa, uzi wenye nta na sindano ndefu kama mkono kuanzia kiwiko. Maana kitambaa hakigandishwi kwa gundi peke yake. Kila ubavu wa bawa unashonewa, sindano inaingia juu, inatokea chini, inarudi, unafunga fundo maalumu, unasogea vidole kadhaa, unafunga tena. Akajaribu kwenye kipande. Maskini! Vidole vyake ni vya kushika spana. Mafundo yakawa kama ndimu, mengine yamelegea, mengine yamekata nguo. Alijaribu wiki nzima. Siku iliyofuata nikamkuta majlis, rimoti mkononi, televisheni imezimwa.

Damu ikanichemka. Sijui nilimkasirikia yeye, au ndege, au Mzungu aliyetuuzia. “Lete hapa hiyo sindano,” nikasema.

Mimi nashona kofia. Mama yangu alinifundisha kofia kabla hajanifundisha kupika, kofia hizi hizi za mkono wanazovaa wanaume wetu, na zangu zinauzwa soko la Matrah, wateja wanazijua. Siri ya kofia si macho, ni mkono kuvuta uzi kwa nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Ukishona na hasira, kofia inajikunja. Ukishona na usingizi, inalegea. Nikachukua kile kipande, nikafunga mafundo kumi hivi, mkaguzi akaja kuyatazama. Akayapima kwa kidole gumba, akanionyesha nilipokosea, nikarudia. “Mama,” akasema, “wewe shona, mimi nitakagua kila fundo. Likikataa, unafumua. Sitakuonea haya.”

“Usinionee haya hata kidogo,” nikamwambia.

Bandani joto lingetuua, kwa hiyo mabawa yakaletwa nyumbani. Yalikuja kwenye pikapu, yamefungwa shuka nyeupe yasikwaruzwe, wanaume wanne wakalibeba la kwanza mabegani kuingia nalo ndani polepole. Jirani yetu alikuwa mlangoni kwake. Akavua miwani, akaja anakaza mwendo: “Inna lillahi! Nani tena?” Mume wangu akamwambia ni bawa. Yule mzee hakuamini mpaka alipofunuliwa shuka.

Tukalisimamisha bawa kwa ubavu katikati ya majlis, mimi upande huu, mume wangu upande wa pili, nguo katikati yetu. Nachoma sindano, naiita, “Inakuja!” Naye anaipokea, anaizungusha ubavuni, anairudisha, “Hiyo!” Nafunga fundo, nasogea. Simwoni, namwona kivuli tu kupitia kitambaa. Tumeoana miaka mingi, tumelea watoto wakaoa na kuolewa, lakini hatujawahi kuzungumza kama tulivyozungumza tukiwa hatuonani. Siku moja aliishika sindano bila kuirudisha, akasema, “Unajua, nilipostaafu niliona kama nimeshazikwa, ila watu wamesahau kunisomea.”

Machozi yalinitoka palepale. Nikamwambia, “Rudisha sindano, yakhe, uzi utakauka.” Lakini aliijua sauti yangu.

Tulimaliza bawa la kwanza, tukamaliza la pili. Tulizikaza nguo kwa pasi, naam, pasi ile ile ya kanzu zake. Mkaguzi aliipima moto wake kwanza. Halafu tukayatoa nje, chini ya paa la kuegeshea gari, yapakwe dawa ya kukazia. Dawa ile inanuka kama rangi ya kucha, nayo inashika moto kwa upesi wa kutisha. Hilo tuliambiana sisi watatu. Hatukumwambia mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuja kutuzuru alasiri moja, akayaona mabawa yamelala pale meupe, yamekazwa, yanapendeza. “Mashallah, mashallah,” akasema, akaingia jikoni. Mimi nikadhani anakwenda kunywa maji. Alitoka na chetezo, udi unafuka.

Na mimi siwezi kumlaumu. Kwetu nguo mpya haivaliwi bila kufukizwa, na kitu kizuri hakitolewi mbele za watu bila kukingwa na hasadi. Aliambiwa ndege imevishwa nguo mpya. Yeye akafanya anachofanyia nguo. Akakipitisha chetezo juu ya bawa la kulia kama anavyokipitisha juu ya kanzu ya sikukuu, huku anasoma. Kaa dogo la moto likadondoka.

Moto uliruka, vuu! Nilipiga ukelele mpaka watu wa mtaa wa pili wakasikia. Mume wangu alikuja mbio, akavua kanzu yake, akaulalia moto kwa kanzu, akaupiga ukazimika. Mama mkwe amesimama, chetezo mkononi. Kwenye bawa palikuwa na tundu jeusi la upana wa sinia, na mbavu zinaonekana ndani.

Nilitegemea mume wangu atafoka. Alimpokea mama yake chetezo kwa mikono miwili, akakiweka mbali, akambusu kichwani. “Hukuungua, Bi Mkubwa?” Ndilo neno lake la kwanza. Basi na mimi nikameza yangu yote, na nilikuwa nayo mengi.

Mkaguzi alipoliona alitia mkono tunduni, akapapasa ubavu baada ya ubavu. Mbao zilikuwa salama, zimeshika moshi tu. Lakini nguo ya bawa lile, akasema, yote inavuliwa, tunaanza upya. Na joto lilikuwa limekwisha kuanza kuvunjika, asubuhi zimeshakuwa na kijibaridi. Mwenye banda alipiga simu kuuliza. Mume wangu akamjibu kwa adabu, akakata, akaniangalia. Sikumpa nafasi ya kusema kitu. Nilichukua mkasi nikaanza kufumua kazi yangu mwenyewe, na kila fundo nililolikata lilinichoma moyo.

Safari hii mama mkwe alihamia kwetu. Akakaa pembeni yangu kila siku, ananipimia uzi, ananitungia sindano uzi ukikatika, na akiniona nimechoka ananilisha mkate wa ufuta kwa mkono wake kama mtoto. Udi haukutajwa. Tukashona, tukakaza, tukapaka. Mkaguzi akaja, akapita fundo kwa fundo, bawa zima, na mimi nyuma yake nimeshika sindano. Alikataa mawili, nikayarudia mbele yake. Halafu akaweka saini yake, kabla mwenye banda hajatutoa.

Sheria ni kwamba ndege iliyovishwa upya, rubani airushe peke yake kwanza, mara kadhaa, ndiyo achukue abiria. Ijumaa ile ya kwanza tulikwenda uwanjani mimi na mama mkwe. Mume wangu aliipasha moto injini, akakimbia nayo, ikanyanyuka. Rangi yake mpya ya njano ilipendeza, Mungu wangu, ilipendeza! Watu wa uwanjani waliacha kazi zao wakaitazama. Lakini mimi nilikuwa naisomea dua. Miaka yote akiruka, nilikuwa nikimwogopea kwa Mungu tu. Sasa nilikuwa namwogopea kwa mkono wangu. Alipotua nikapiga magoti nikasujudu palepale kwenye vumbi.

Aliruka hivyo mpaka zile safari za peke yake zikatimia. Ijumaa iliyofuata akaingia, akafunga mkanda wake, na kwa mara ya kwanza hakunikaribisha. Alichelea kunilazimisha, nadhani, baada ya kazi yote ile. Aliniaga kwa mkono kama kawaida.

Mama mkwe alikuwa kaegemea gari. Akaniuliza, bila ubaya, kama anauliza bei ya samaki: “Mwanangu, mishono yako unaiamini?”

“Naiamini, mama.”

“Basi mbona wewe uko chini, na mwanangu anapanda juu?”

Nikakaza mtandio wangu, nikamkimbilia mume wangu kabla hajawasha injini, nikakanyaga ule ubao wa kuingilia, nikakaa. Alinifunga mkanda, akaukagua, akaukagua tena.

Ardhi ilipotuachia nilifumba macho, nikasoma yote niliyoyajua. Nilipoyafumbua niliangalia bawa, bawa la kulia, lile lile. Nguo yake ilikuwa imevimba kidogo kati ya ubavu na ubavu, inavutwa na upepo kwenda juu, inataka kutoka, na uzi wangu unaikatalia. Mstari baada ya mstari, unaikatalia. Chini yetu mabonde yamekaa kimya na bahari inametameta kule mbali, kama alivyokuwa akinihadithia.

“Unaogopa?” akanipigia kelele juu ya injini.

“Naogopa!” nikamwambia. “Usigeuze bado.”